Tingatinga za Morogoro Stores: uchukue ipi, na uende mwezi gani

Picha za tingatinga zinauzwa kila mahali watalii wanapopita: vichochoro vya Mji Mkongwe, vibanda vya ufukweni, maduka ya uwanja wa ndege. Kinachokipa kituo cha wachoraji kule Oysterbay, Dar es Salaam, jirani na Morogoro Stores, hadhi yake ni kwamba aliyeichora picha yupo pale pale na brashi mkononi. Unaweza kumuuliza rangi ya chini imekauka kwa siku ngapi, naye atajua. Muuzaji wa kibandani hajui, na akijua hana sababu ya kukwambia.

Historia ya mahali ni fupi, na inaieleza bidhaa yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huu umepewa jina lake, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mwaka 1968 na kuuza kazi zake pale pale Morogoro Stores. Alitumia alichoweza kukipata na kukimudu: vipande vya mraba vya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa), vingi vya takriban sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli na milango. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika. Hadibodi imekwisha kuachia nafasi kitambaa, kwa kuwa mgeni anataka kitu kinachokunjika kwenye begi. Rangi ya mafuta imebaki. Karibu kila sifa na kila kasoro ya picha utakayoinunua inatokana na rangi hiyo.

Kazi inakwenda hivi. Kitambaa cha pamba huwambwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi ya msingi ili kuziba vitundu vya uzi. Kisha inakuja rangi ya nyuma, mara nyingi mbili zinazoingiliana, tuseme njano inayopanda hadi kuwa nyekundu. Hapo hapana kupumzika: zote mbili hupakwa zikiwa mbichi na kuchanganywa kwa brashi pana kwa mkupuo mmoja, maana rangi ya mafuta ikianza kushika ngozi, brashi huacha michirizi isiyofutika. Baada ya hapo fremu huwekwa kando. Siku inayofuata umbo la mnyama hujazwa kwa rangi moja tu, bila kivuli. Likikauka, vivuli na mabaka. Yakikauka hayo, mistari myembamba, manyoya, macho na vidoto. Sahihi huja mwisho.

Ugumu wote uko kwenye neno "likikauka". Thina, kile kimiminika cha kuzimua rangi, huruka mapema na picha ikaonekana tayari, lakini mafuta yaliyobaki hugandamana polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Kwa kugusa tu, rangi huwa kavu ndani ya saa chache. Kupaka juu yake kwa usalama kunataka kama saa 16 hadi 24. Ugumu kamili huchukua wiki moja na zaidi, na pale vidoto vilipolundikana huenda wiki kadhaa. Kwa hiyo picha ya tabaka nne iliyoanza jana na kuuzwa leo imerukishwa hatua. Ukiichunguza utaona: mstari mweusi umejikunyata kidogo juu ya rangi laini iliyo chini, au ngozi ya juu imefanya mikunjo midogo kwa sababu ndani bado kuna ubichi.

Ndiyo maana majira yana uzito hapa kuliko katika duka lolote la vinyago, na ndiyo maana ushauri wa "nenda wakati wowote" haufai.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndipo rangi inapokauka vibaya. Hewa ya Dar imejaa unyevu, na kazi iliyopakwa jioni ya mvua huamka imepoteza mng'ao, ina mabaka yaliyofifia. Mchoraji mzoefu hupaka asubuhi, huchagua siku, na hupunguza unene wa rangi. Mwenye haraka huongeza thina, rangi ikawa nyepesi mno, na pundamilia akaonyesha anga kupitia tumboni. Lakini hicho hicho ndicho kipindi cha utulivu. Wageni ni wachache, mtu ana muda wa kukaa nawe, kukuonyesha rangi, kukubali kuchora jambo ambalo halijachorwa mara mia. Kuagiza, huu ni wakati mzuri kabisa, mradi usidai kazi ndani ya siku tatu.

Juni hadi Agosti ni kipupwe: baridi ya wastani, hewa kavu kidogo, rangi inatulia vizuri. Bahati mbaya ndiyo msimu mkubwa wa watalii, na kwa upande wa Dar kuna maonyesho ya biashara ya Sabasaba, yanayoanza mwishoni mwa Juni na kuingia katikati ya Julai. Ukutani kunajaa picha zinazofanana: tembo chini ya mbuyu, Wamasai na Kilimanjaro, twiga wawili shingo kwa shingo. Si mbaya, ila zimechorwa kwa mkono uliozoea mno. Upepo wa kusi nao huleta mchanga, na picha iliyoanikwa nje hubaki na chembe. Pitisha kiganja juu ya rangi ya nyuma. Ukihisi msasa, iache.

Desemba hadi Februari joto hufanya jambo la hila. Juu ya rangi hushika ngozi upesi, mnunuzi akadhani imekauka, kumbe imefunga ubichi ndani. Mikunjo mingi utaiona kwenye picha za Januari, hasa penye nyeupe na nyekundu nene. Kwa ajili ya Krismasi na wageni wa mwisho wa mwaka huingia pia vitu vidogo vya zawadi, ambavyo nitavigusa baadaye. Na Ramadhani, ambayo huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, ihesabu kwenye kalenda yako: wachoraji wengi hufunga, siku ya kazi hufupika, na Idd watu huenda kwao. Oda iliyoangukia humo iongezee wiki.

Ukiniuliza ratiba bora: agiza mwishoni mwa Mei, ichukue mwishoni mwa Juni. Tabaka za mwisho zitakuwa zimepakwa mvua imeshakatika, na hujakutana na msongamano wa Julai.

Kama huna muda wa kuagiza na unachukua ya ukutani, usisimame mbele yake kama unaangalia televisheni. Iteremshe, ipeleke mlangoni, iinamishe mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Hapo mikunjo, unywele wa brashi na mbu aliyenasa (wapo, tena wengi) hujitokeza vyenyewe. Bonyeza kidole gumba pembeni, palipo na rangi nene: alama ya kidole ikibaki, picha haijaiva. Inuse. Harufu kali ya thina ni dalili hiyo hiyo. Geuza nyuma uone kama rangi ya msingi imepenya kwa usawa au imeacha sehemu kavu, maana palipo kavu ndipo rangi itakapobanduka.

Kisha vidoto. Hivi ndivyo vipimo vya mkono. Kidoto kizuri ni cha mviringo, kimeinuka kidogo, na kinapungua ukubwa kwa mpangilio kuelekea kwenye ukingo wa umbo. Kidoto chenye mkia kinatoka kwenye rangi iliyoanza kuvuta uzi ndani ya kopo. Kilichotandaa na kufifia kinatoka kwenye thina iliyozidi. Mistari iangalie inapopinda: mkono dhaifu huenda vizuri kwenye mgongo wa kifaru na kuvunjika kwenye sikio lake.

Kuhusu mitindo, picha ya kizamani ya mnyama mmoja mkubwa kwenye rangi tulivu ndiyo inayostahili fedha yako kwanza. Haina pa kujificha: umbo likikosewa, linaonekana. Picha za kijiji, zenye soko, hospitali, watu mia na mabasi, zinapendeza kwa masimulizi yake, na mchoraji mwenye ucheshi huzijaza visa. Lakini ndizo zinazorukishwa zaidi, kwa hiyo angalia nyuso za watu wa nyuma. Zikiwa ni madoa matatu tu, umelipia wingi. Ndege wenye mikia mirefu kwenye miti ya maua huuzika sana na hukosewa kidogo, kwa hiyo kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni chaguo salama. Picha za mashetani huonekana chache kuliko wanyama. Ukiikuta nzuri, usiiache.

Tahadhari moja kuhusu sahihi. Mzee Tingatinga mwenyewe alichora kwa miaka kama minne tu, na kwa kawaida kwenye hadibodi. Kitambaa kinachokunjika chenye jina lake, popote kinapouzwa, kipite. Hata hadibodi yenye jina hilo isikupe pupa, maana kughushi kulianza zamani. Nunua jina la aliye hai, aliyekaa mbele yako.

Na hapo ndipo huduma bora ya kituo cha namna hii ilipo: oda. Ukutani unachukua kilichobaki. Kwa oda unapata mkono wa mtu unayemtaka. Chagua mchoraji kwa kutazama kazi tatu nne zake, kisha muulize bila kuzunguka, "Kaka, utaimaliza wewe mwenyewe?" Si tusi. Katika karakana yoyote ya aina hii, mwanafunzi kuweka rangi ya nyuma au kujaza maumbo ni jambo la kawaida na halina ubaya. Unachotaka kujua ni nani atakayechora macho na mistari. Kama mwenyewe ni mtu mzima, anza na shikamoo, na muulize ni vijana gani anaowaamini.

Mapatano yawe na vipimo. Taja ukubwa wa sehemu iliyochorwa kwa sentimita, na taja kando yake ukingo mtupu wa angalau sentimita 5 kila upande. Hili ndilo kosa linaloharibu picha nyingi nzuri: mchoraji hujaza mpaka mwisho wa kitambaa, fundi fremu anakosa pa kupigilia, na mguu wa twiga unaishia nyuma ya mbao. Taja rangi ya nyuma, idadi ya wanyama, na tarehe ya kumaliza kuchora, halafu tarehe ya pili ya kuichukua, siku kumi baadaye au zaidi. Toa sehemu ya fedha mwanzo na nyingine mwishoni. Omba utumiwe picha ya simu kabla ya vidoto kuanza. Hapo umbo bado linarekebishika. Vidoto vikishaingia, kubadili shingo ya swala ni kuanza upya.

Kusafirisha nako kuna makosa yake. Kitambaa hukunjwa kwa kuviringishwa, rangi ikiwa nje. Watu wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda, na rangi iliyo ndani hubanwa, ikajikunja na kupasuka. Tumia bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Lile jembamba la ramani ni adui wa rangi nene. Lalia karatasi ya kuokea keki juu ya rangi. Gazeti huacha wino, na mfuko wa plastiki ukikutana na rangi changa kwenye joto la buti la gari, hauachii tena. Ikifika, ikunjue siku hiyo hiyo, ilaze mahali tambarare na joto la kawaida kwa siku mbili, ndipo umpelekee fundi. Kama huna haja ya kuikunja kabisa, omba hadibodi: ni nzito na pembe zake humeguka, ila rangi juu yake hudumu bila nyufa, mradi upake mgongo wake pia ili usinywe unyevu na kupinda.

Vitu vidogo vya zawadi sivisifii sana. Sinia, sahani na vikombe vilivyopakwa rangi ile ile ya mafuta ni vya kutazama. Rangi hiyo haikutengenezwa kugusana na chakula, na glasi ya chai ya moto huacha duara la kudumu. Sinia ya kuwekea funguo, sawa. Bakuli la saladi, hapana. Vijisanduku vyenye vifuniko ndivyo vinavyostahili, ila fungua na kufunga mara kadhaa kabla ya kulipa: rangi mbichi kwenye ukingo huganda, na siku ukikilazimisha, kifuniko hutoka na kipande cha chui.

Nyumbani, itundike penye mwanga wa kutosha lakini mbali na jua la moja kwa moja. Gizani, nyeupe ya rangi ya mafuta hugeuka njano mapema, kwa hiyo kuihifadhi kabatini si kuitunza. Vumbi litoe kwa brashi laini. Likigoma, kitambaa kilicholowa kidogo kwa maji matupu. Spiriti, thina na sabuni ya vioo visiikaribie, na mtu wa usafi umwambie hivyo mapema.