Kifurushi cha kukarabati kabureta ya Toyota 3K na 4K: cha kufunga na cha kuacha mfukoni

Vifurushi vya kukarabati kabureta ya Aisan yenye makoo mawili (njia mbili za kupitishia hewa), ile inayokaa juu ya injini za Toyota 3K na 4K, vinatengenezwa na viwanda vingi na karibu vyote vinafanana. Mfuko wa plastiki, gaskiti kadhaa, sindano ya boya (inayofungua na kufunga petroli boya linaposhuka na kupanda) na kikalio chake, pistoni ya pampu ya aksereta (inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga pedeli), gololi, springi, klipu, na mara nyingine jeti mpya, yaani visehemu vyenye tundu la kupimia petroli. Tunavyovizungumzia hapa ni vile visivyo vya Toyota yenyewe, kwa sababu ndivyo mtu anayefufua Corolla au Starlet nyumbani hukutana navyo kwanza. Gaskiti na sindano zinatosha kuwa sababu ya kukinunua. Pampu ipimwe kabla ya kuaminiwa. Jeti zibaki mfukoni. Na kifaa cha zamani kisitupwe hata kimoja kabla kipya hakijawekwa sambamba nacho kikalinganishwa.

3K ina cc 1166 na 4K ina cc 1290, na kwa miaka yote kuanzia Corolla za KE20 mpaka KE70 kabureta zake zilibadilishwa mara nyingi kulingana na mwaka na nchi gari lilikopelekwa. Mtengenezaji hutaka mfuko mmoja ufae zote, kwa hiyo hutia gaskiti za miundo tofauti. Ukimaliza kazi na gaskiti mbili tatu zimebaki mezani, usidhani umesahau kitu. Lakini hapo hapo ndipo kosa kubwa huzaliwa: gaskiti inayofanana kwa umbo la nje ikapungukiwa tundu moja dogo la ndani.

Chukua gaskiti ya kifuniko cha juu. Pistoni ya pawa, inayoongeza petroli injini inapobeba mzigo, inaning'inia kwenye kifuniko hicho, na mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) ndio unaoishikilia juu injini isipokuwa na mzigo. Mvuto huo hupita kwenye mfereji mwembamba unaokatiza gaskiti. Tundu hilo likikosekana au likiwa pembeni kwa milimita mbili, pistoni haipandi, springi yake inaisukuma chini muda wote na vali ya pawa inabaki wazi. Matokeo ni moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi, na mtu anayehangaika na skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli bila kupata nafuu. Weka gaskiti mpya juu ya ya zamani, ziinue kwenye mwanga, kisha ilinganishe mpya na kifuniko chenyewe tundu kwa tundu. Likikosekana, likate kwa bomba dogo lenye makali, usitoboe kwa bisibisi. Karatasi ya gaskiti hizi kwa kawaida ni nzuri na haivimbi kwenye petroli, na hilo ndilo jambo bora la vifurushi hivi.

Usiongeze silikoni juu yake. Petroli huilainisha, vipande vinakatika, na safari yao huishia kwenye jeti ya mwendo mdogo, ambayo tundu lake ndilo jembamba kuliko yote.

Sindano ya boya ni kifaa cha pili chenye thamani. Vifurushi vizuri huleta sindano yenye ncha ya vaitoni (mpira usioharibiwa na petroli); vya hali ya chini huleta ncha ya chuma tupu, ambayo chembe moja ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kuizuia isifunge. Ijaribu kabla ya kuifunga: ingiza sindano kwenye kikalio chake, ishike kwa kidole bila kukandamiza, puliza kwa mdomo upande wa petroli inakoingilia. Hewa isipite. Ikipita, badilisha seti nzima, kwa sababu sindano na kikalio huzoeana na kuchanganya kipya na cha zamani hakusaidii.

Tatizo la sindano hizi liko kwenye washa (pete bapa) iliyo chini ya kikalio. Unene wake mara nyingi si ule wa kiwandani, na tofauti ya nusu milimita pale hukua mara kadhaa kwenye ncha ya boya, maana sindano iko karibu sana na pini ambayo boya huzungukia. Washa nene huliacha boya chini zaidi na petroli hupungua chumbani. Nyembamba huifanya ifurike. Pima washa zote mbili kwa kalipa, na zikitofautiana tumia ya zamani ikiwa haijachanika, au tafuta ya unene ule ule. Kisha pima boya mara mbili: kifuniko kikiwa kimepinduliwa boya likilala kwa uzito wake, na tena likiinuliwa. Vipimo vyenyewe vichukuliwe kwenye kitabu cha matengenezo cha injini yako, kwa kuwa kabureta ya 3K na ya 4K hazilingani. Karatasi inayokuja mfukoni mara nyingi inatoa kipimo kimoja kwa zote, na haifai kufuatwa. Kioo kidogo cha mviringo mbele ya chumba cha boya ndicho hakimu wa mwisho: injini ikinguruma, petroli ikae usawa wa alama.

Boya lenyewe halimo kwenye kifurushi. Lizamishe kwenye maji ya moto. Mapovu yakitoka, limetoboka na gaskiti mpya hazitaliokoa.

Pampu ya aksereta ndiyo sehemu dhaifu. Baadhi huja na kikombe cha ngozi, nyingine cha mpira. Ya ngozi hulowekwa kwenye mafuta mepesi mpaka ilainike, la sivyo itakunjika wakati wa kuingia. Ya mpira ina hatari nyingine: mpira usiofaa huvimba kwenye petroli yenye ethanoli, pistoni hukwama kwenye tundu lake, na gari husita kila mguu unapogusa pedeli. Pima kipenyo cha kikombe kwa kalipa, kiloweke usiku mzima kwenye petroli ile ile unayojaza, upime tena. Kikiongezeka, kirudishe mfukoni na ufunge cha zamani ikiwa midomo yake haijapasuka. Ukikiingiza, kizungushe taratibu ili mdomo usijipinde. Gololi za pampu kwa kawaida hutofautiana ukubwa kati ya njia ya kuingilia na ya kutokea, hivyo zifunguliwe juu ya sinia na zirudi mahali pake. Kipimo cha kazi ni kimoja: chumba kikiwa na petroli, mguso wa kwanza kabisa wa mkono wa throto (kilango cha hewa kinachoendeshwa na pedeli) utoe mchirizi ulionyooka. Mchirizi ukichelewa, gololi haikai vizuri au kikombe kinavujisha.

Kuhusu jeti, sababu ya kuziacha ni rahisi. Namba iliyogongwa juu yake haithibitishi ukubwa wa tundu, na jeti za shaba za kiwandani haziliki haraka. Zisafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, kamwe si kwa waya, kisha uzirudishe. Jeti kuu ya koo la kwanza na ya koo la pili hazilingani. Zikibadilishana nafasi, gari litakunywa petroli likiwa mwendo wa kawaida na kukosa nguvu likisukumwa.

Springi na klipu ziko sawa.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, tafuta bisibisi ya JIS, yaani ya viwango vya Japani. Skrubu za Japani za miaka hiyo zina msalaba usio na mteremko kama wa Phillips ya kawaida, na Phillips huruka na kula kichwa. Skrubu nyingi za JIS zina nukta ndogo kichwani. Kifuniko kifungwe kwa kukatiza, kidogo kidogo, maana skrubu ikikazwa kupita kiasi hupinda chuma laini cha kabureta na hakuna gaskiti itakayoziba pengo. Kifuniko kilichokwisha kupinda kinasawazishwa kwa msasa wa 400 uliolazwa juu ya kioo kinene.

Chini ya kabureta kuna kizuizi cha joto chenye gaskiti kila upande. Usikipuuze. Kwenye injini hizi za K, manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja wa injini, kabureta ikiwa juu ya ile ya moshi. Petroli inayovuja huangukia chuma cha moto. Kwa hiyo baada ya kufunga, zungusha injini kwa stata bila moto wa plagi mpaka chumba kijae, kagua kila kiungo kwa tochi, ndipo uwashe. Kizima moto kiwe karibu. Na ikiwa pampu ya petroli ya asili iliondolewa ikawekwa ya umeme kutoka kwenye gari la EFI (lisilo na kabureta, linalopuliziwa petroli kwa umeme), sindano mpya haitahimili: ya EFI husukuma mara nyingi zaidi ya ile ya mitambo iliyokuwa kwenye bloku.

Mambo mawili hayamo kabisa mfukoni. La kwanza ni shafti ya throto iliyolika. Shika mkono wake, ivute juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na mngurumo hautatulia kamwe mpaka shafti ipate bushi (pete inayoishikilia). La pili ni soleno, vali ya umeme inayokata petroli ya mwendo mdogo, kwa kabureta zenye nayo. Iguse kwa volti 12: isikike ikigonga. Isipogonga, injini itakuwa inazimika kila mguu unapoachia pedeli, na watu wengi huishia kuipandisha mzunguko kwa skrubu ya throto.

Mchanganyiko urekebishwe injini ikiwa imepata moto, choki wazi kabisa, chujio la hewa likiwa mahali pake. Unapofungua kabureta, kaza skrubu ya mchanganyiko ukihesabu mizunguko mpaka iguse taratibu, uiandike. Hapo ndipo pa kuanzia. Ikikazwa hadi mwisho kwa nguvu, ncha hupata mfereji na haisikii tena marekebisho. Baada ya injini kupata moto na kupoa mara chache, rudia kukaza skrubu za kifuniko na nati za chini, injini ikiwa baridi, kwa sababu gaskiti mpya hulala.