Uanagenzi katika kampuni kubwa Ujerumani: unachopata na unachokosa

Tangu Kenya na Ujerumani ziliposaini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, neno Ausbildung, yaani uanagenzi, limeenea kutoka Nairobi hadi Mombasa, na vijana wa Tanzania nao wanaliulizia. Wengi wanaelezwa kuwa ni masomo ya bure yenye mshahara. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Hapa tunaupima uanagenzi wa fani moja, mekatroniki (ufundi wa mitambo, umeme na programu za mashine kwa pamoja), ndani ya kiwanda kikubwa, maana huko ndiko tofauti na karakana ya mafundi sita inakoonekana wazi.

Fani hii huchukua miaka mitatu na nusu. Siku moja au mbili za wiki mwanagenzi yuko Berufsschule, yaani shule ya ufundi, au huenda huko wiki kadhaa mfululizo. Siku zilizobaki yuko kazini. Mkataba husajiliwa katika chemba ya viwanda na biashara, IHK, na chemba hiyo ndiyo inayosimamia mtihani. Kwa hiyo cheti hakitegemei hisani ya bosi.

Karakana ya mafunzo ndiyo sababu kubwa ya sisi kuipa kampuni kubwa alama ya juu. Ni ukumbi wa peke yake, una wakufunzi ambao kazi yao ni kufundisha, na hakuna mteja anayesubiri mashine yake mlangoni. Miezi ya mwanzo hutegemei kugusa roboti. Unapewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, na unatakiwa ukifanye kiwe bapa na pembe zake ziwe nyuzi 90 kamili. Kipimo ni mwanga. Unaegemeza kwenye chuma skwea yenye ukingo mwembamba kama wembe, unainua vyote viwili kuelekea dirishani, unatazama. Mwanga ukipenya pembeni huku katikati pamegusana, uso una mgongo. Chanzo chake karibu kila mara ni tupa kubembea mikononi. Mwanzo wa msukumo, mkono wa mbele ndio ukandamize. Katikati, mikono yote sawa. Mwisho, mkono ulioshika mpini ndio ubebe uzito. Ukikandamiza sawasawa mwanzo hadi mwisho, mgongo haukwepeki.

Baada ya tupa huja kutoboa na kukata uzi wa bolti. Kwa uzi wa M6, yaani wa bolti ya kipenyo cha milimita 6, tundu hutobolewa kwa biti ya milimita 5, kwa M8 ni 6.8, kwa M10 ni 8.5. Anayetoboa M8 kwa biti ya 6.5 kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, atavunja tapu, kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu. Atavunja pia aliyeinamisha tapu, aliyesahau mafuta, au aliyezungusha mbele tu bila kurudi nyuma kidogo kukata vinyweleo vya chuma. Na tapu iliyokatikia ndani ni ngumu kuliko chuma chenyewe, haitoboki kwa biti ya kawaida. Kazi ya siku mbili inaishia hapo. Wapo wanaolalamika kwamba haya ni mambo ya zamani. Tunawapinga kabisa. Mkono ambao haujaonja chuma hausikii bolti inapokaribia kukatika, na hilo halifundishwi na kompyuta.

Upande wa umeme, kabla ya kugusa waya, lazima ujue kanuni tano za usalama kwa mpangilio wake: kata umeme, zuia usiweze kuwashwa tena, pima uhakikishe haupo, unganisha nyaya na ardhi na uziunganishe zenyewe kwa zenyewe, kisha funika sehemu za jirani zenye umeme. Mpangilio una maana. Anayepima kabla ya kuweka kufuli anaweza kukuta umeme haupo, na dakika moja baadaye mwenzake akauwasha kutoka chumba kingine.

Udhaifu wa kampuni kubwa huanza pale mwanagenzi anapotoka karakana na kuzungushwa idarani. Kila idara ni wiki au miezi kadhaa. Penye fundi anayependa kufundisha utajifunza kutafuta hitilafu kwenye silinda zinazosukumwa na hewa, vihisi na programu ya mashine. Pasipo na mtu wa namna hiyo, utashika ufagio na kupanga vipuri. Sheria inasema mwanagenzi apewe kazi zinazotumikia lengo la mafunzo, na vifaa vya kufundishia apewe bure. Kwa hiyo kufagia eneo ulilolichafua ni halali. Kufagia ghala wiki tatu si halali. Pa kupeleka lalamiko ni kwa JAV, wawakilishi wa vijana na wanagenzi wanaochaguliwa na wenzao. Karakana ndogo kwa kawaida haina chombo hicho, na hapo kampuni kubwa inashinda tena. Lakini karakana ndogo inashinda kwa jambo moja: huko utaona mashine ikifunguliwa, ikitengenezwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Kiwandani unaweza kumaliza miaka mitatu na nusu ukijua vizuri mstari mmoja tu wa uzalishaji.

Kitabu cha ripoti, Berichtsheft, wengi hukidharau na kinawagharimu. Kila wiki unaandika ulichofanya kazini na ulichosoma shuleni, mkufunzi anasaini. Bila kitabu hicho huruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. “Nilifanya kazi kwenye mashine” haitoshi. Andika mashine ipi, ulibadilisha nini, ulipima kwa kifaa gani. Kitabu kilichoandikwa hivyo ndicho pia ushahidi wako siku utakaposema hukufundishwa. Aliyelimbikiza miezi minane akaandika yote kwa usiku mmoja hujulikana mara moja, kwa sababu siku alizokuwa shuleni zinagongana na alizoandika kuwa kiwandani.

Kipindi cha majaribio ni mwezi mmoja hadi minne, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Kikishapita, mwajiri hakuondoi bila sababu nzito. Mtihani una sehemu mbili: ya kwanza katikati ya mafunzo, asilimia 40 ya alama, ya pili mwishoni, asilimia 60. Ukianguka unaruhusiwa kurudia mara mbili. Kosa la kuogopwa kwenye vitendo ni la usalama, kama kutaka kuwasha umeme kabla ya kupima waya wa kinga, yaani waya wa ardhi.

Pesa. Kima cha chini cha kisheria kwa wanaoanza 2026 ni euro 724 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na hupanda kila mwaka. Kiwanda kinachofuata mkataba wa IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, hulipa zaidi ya euro 1,000 tangu mwanzo. Kati ya euro 1,100, bima za lazima huchukua karibu asilimia 21, mkononi hubaki kama 870. Chumba mjini Stuttgart au München hakipatikani kirahisi chini ya euro 500, na kuna ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Inatosha kuishi, haitoshi kutuma nyumbani kila mwezi. Familia ielezwe hivyo mapema. Viza inaruhusu kibarua cha ziada hadi saa 20 kwa wiki, lakini ukizijaza zote mtaala wa shule utakushinda.

Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, ndicho kinachotakiwa kwa kawaida kupata viza. Kwa mekatroniki hakitoshi darasani. Mwalimu wa Berufsschule husema haraka, na swali la mtihani linaweza kuwa na neno moja la herufi 30. Fika na B2, ngazi inayofuata, na jifunze majina ya vifaa kabla ya sarufi ya mashairi.

Maombi ya kampuni kubwa hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo, nayo masomo huanza Agosti au Septemba. Kipengele chochote kinachomtaka mwanagenzi ailipe kampuni ili afundishwe ni batili kisheria, hivyo wakala anayedai “ada ya kampuni” aulizwe ni ipi. Mkataba halali hutaja jina la fani, muda, saa za kazi, likizo, malipo ya kila mwaka na urefu wa majaribio. Karatasi ikisema Praktikum (mazoezi ya kazi) au Helfer (kibarua msaidizi) badala ya Ausbildung, huo si uanagenzi, hata kama ina nembo ya kampuni kubwa juu yake.