Gari ya kulala safarini: kagua bodi kwanza, kitanda baadaye

Kwenye yadi za magari utaoneshwa van iliyokwishatiwa makabati, sinki na mapazia, bei imepaa. Usihadaike. Seremala yeyote mtaani anakutengenezea kitanda na kabati, lakini kutu iliyofichwa chini ya hayo makabati hakuna seremala wa kuiondoa. Mimi huanza na gari tupu.

Chaguo langu la kwanza ni Toyota HiAce, umbo lililoanza 2004. Ile ndefu yenye paa la juu ina mita 5.38 kwa urefu na 1.88 kwa upana. Unapika ndani umeinama kidogo tu, na spea zake huzikosi hata ukiharibikiwa wilayani. Ile ya kawaida ina upana wa mita 1.695 tena kwa nje, kwa hiyo mtu mzima halali kwa kukingama. Kitanda kifuate urefu wa gari. Ya dizeli ya lita 3.0 iwashe asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Ikigonga na kutoa moshi mweupe, shuku nozo, yaani vile vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Nozo zinazovuja kwenye injini hiyo huishia kupasua pistoni. Na ukigusa kifuniko cha injini, chini ya viti vya mbele, ukakuta muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, muage, rudi kesho bila kumpigia simu.

Ya pili ni Noah ya zamani, zile za 1996 hadi 2001. Inatosha watu wawili wasio na mizigo mingi, na hakuna fundi asiyeijua. Tatizo ni kwamba nyingi zimeshapiga kazi ya abiria, hasa njia za minadani. Inua kapeti: ukikuta matundu ya bolti mahali pasipo na kiti, hapo palifungwa viti vya nyongeza, na springi zimebeba kuliko zilivyokadiriwa.

Mazda Bongo Friendee (1995 hadi 2005) naiweka ya tatu kwa shingo upande, maana ndiyo inayovutia kuliko zote: baadhi zina paa linaloinuka kwa umeme, watu wawili wanalala juu. Lakini injini imekaa chini ya viti vya mbele, hosi za maji ni ndefu, na moja ikivuja huioni mpaka gari ichemke na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iharibike. Kenya haziingii tena kwa sababu ya ukomo wa miaka 8 kwa umri wa gari linaloagizwa. Tanzania zinaingia, ila jiandae na ushuru wa uchakavu, ule wa magari ya zamani.

Land Cruiser zilizostaafu utalii pale Arusha ni za mwisho, labda uwe na fundi wako mwenyewe. Zile zilizorefushwa, lala chini yake na tochi ukague chesesi, yaani fremu ya chini ya gari, pale ilipoungwa kwa kuchomelea.

Yoyote utakayoipenda, fungua mlango wa ubavuni, pitisha kidole ndani ya reli yake ya chini. Maji hutuama hapo, na kutu huanzia hapo. Linganisha namba ya chesesi na ya kwenye kadi ya gari, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayepokea hela. Kisha vua viatu, jilaze ndani, unyooshe miguu. Dalali atacheka, mimi walinicheka, na vidole vyangu viligota mlango wa nyuma.