Bampa la nyuma la chuma kwenye pikapu yangu, miezi minane baadaye

Jamani kama unafikiria kutengenezesha bampa zito la nyuma soma hii kwanza, langu nimelitumia kuvuta trela, nimevutwa nalo nikiwa nimezama kwenye matope mpaka ekseli, na nimeligongesha kwenye jiwe mara mbili nikirudi rivasi.

Mimi nilienda kwa fundi na kitu kimoja kichwani, nataka pleti ya mm 6 bampa zima. Akanipigia hesabu palepale, mita moja ya mraba ya mm 6 ni kama kilo 47, na huo uzito wote unaning'inia nyuma ya ekseli hata gari likiwa tupu, mbele kunakuwa kwepesi. Tukashuka mpaka mm 4 kwa ganda, halafu mm 10 kwa zile pleti mbili zinazoshika chasisi. Na hapo ndio penyewe, maana ukivutwa nguvu haibebwi na ganda, inabebwa na hizo pleti na bolti zake. Zangu ni bolti za 10.9, yaani daraja la bolti ngumu sana, na masikio ya kufungia shakoli (ile pingu ya chuma inayoshika kamba ya kuvutia) yamepenya ganda yakachomelewa mbele na nyuma mpaka kwenye pleti za chasisi. Ukiona fundi anataka kubandika sikio juu ya ganda tu, mkatalie, siku ya kuvutwa kile chuma kikichomoka kinaweza kuua mtu.

Kazi yake ilikuwa safi kwa kweli. Alichora kwanza kwenye kadibodi, akaacha nafasi ya kama sentimita 2 kati ya bampa na bodi kwa sababu bodi inacheza ukiingia rafu rodi, akatoa waya wa hasi wa betri kabla hajagusa welding, na alikuwa anachoma kipande kifupi anahamia upande wa pili, anaacha pale pa kwanza papoe, chuma kisipinde.

Sasa kilichoniuma. Tairi la spea liko chini ya gari na linashushwa kwa mpini unaopita kwenye tundu la bampa, na hilo tundu alisahau, na mimi sikukagua! Nimekuja kujua usiku nina pancha, nasukuma mpini unagonga chuma tu, nikalala chini kwenye vumbi natafuta njia ya kuufikisha, hakuna. Nilirudi kwake akatoboa bila kunitoza, ila rangi ilichubuka kuzunguka tundu na kutu imeshaanza. Pia hakuweka matundu ya kutolea maji chini, nikipita kwenye dimbwi nasikia maji yanacheza ndani siku mbili.

Kwa hiyo kabla halijapigwa rangi pitisha mpini wa spea kwa mkono wako mwenyewe, washa taa ya namba, jaribu sensa za rivasi, fungua mlango wa nyuma mpaka mwisho. Mimi wikiendi hii nalishusha, natoboa matundu ya maji kwenye kona zote mbili, nakwangua ile kutu na kupiga praima ya zinki upya.