Nchi 9 kwa siku 18: filamu ya watalii wa Kimarekani ambayo bado inavunja mbavu

Wadau, leo msinikimbie, maana filamu hii naipenda na nataka muione. Inaitwa If It's Tuesday, This Must Be Belgium, ya mwaka 1969. Kaiongoza Mel Stuart, yuleyule aliyekuja kutengeneza ile ya Willy Wonka mwaka 1971. Basi moja la Wamarekani, nchi 9, siku 18. Ian McShane ndiye Mwingereza anayewatembeza, Suzanne Pleshette ndiye abiria anayemchanganya. Mapenzi yao mtayatazama wenyewe.

Mimi nimekuja kumzungumzia Irma! Yuko safarini na mumewe Harve, ambaye ni Norman Fell. Sasa katika ile shuka upige picha, panda twende, mama wa watu anapanda basi silo. Basi la watalii wa Kijapani! Na limeshaondoka. Mume huku, mke kule, wote wanazunguka Ulaya ileile. Hebu jiwekeni kwenye kiti cha Harve: mkeo hayupo, na basi lako haliwezi kusubiri, kwa sababu hoteli ya leo iko nchi nyingine. Hapo ndipo namvulia kofia David Shaw, mwandishi wa filamu. Hakuhitaji kumfanya mtu yeyote mjinga. Ratiba yenyewe ndiyo kichekesho. Hata asiyejua neno la Kiingereza atacheka, anaona kwa macho yake.

Kuna watakaosema European Vacation ya 1985 ni kali zaidi. Ile ya Chevy Chase kuzunguka kipilefti London bila kutoka? Kali, nakubali, kwa kicheko kimoja cha nguvu inaishinda hii. Lakini pale ni familia moja tu. Hapa una basi zima, na Vittorio De Sica anapita kama fundi viatu! De Sica, mwongozaji wa Kiitaliano aliyetengeneza filamu ya Bicycle Thieves! Wiki ijayo namchambua yeye, kwa hiyo bonyezeni kengele.

Kinachoniudhi ni Bert, anayepiga picha wanawake ili akawadanganye rafiki zake nyumbani. Kinachosha, na kinarudiwarudiwa.

Bei? Kodisheni mtandaoni kwanza, msikimbilie DVD. Na mkitazama, mfuateni kwa macho Harry Dix, yaani Aubrey Morris, kila wanapohama hoteli. Angalieni mikono yake, halafu angalieni sanduku lake.