Pikipiki ya umeme: kabla ya kuweka dipoziti, tazama foleni ya betri

Mimi ni mtu wa boda, steji ya Ruaka, pembeni mwa Nairobi, na tangu masika naendesha ya umeme. Chuma chenyewe sina ubaya nacho. Kinapanda mlima wa Gachie kikiwa na mama na gunia lake la viazi bila kulia, hakina klachi wala plagi ya injini, na habari ya kumwaga oili nimeisahau. Fundi wa steji sasa ananiona kwa breki na tairi tu. Petroli ilikuwa inakula karibu nusu ya nilichookota kwa siku. Siku hizi nalipia umeme niliotumia, kwa M-Pesa, na hata nikishinda barabarani pesa ile ya zamani siifikii.

Shida ni betri. Moja inanipeleka kilomita sabini hivi nikienda kwa heshima. Ikibaki asilimia kumi, pikipiki inakataa kukimbia hata uikabe mkono wote. Hapo unaenda kituoni: unachomoa, mhudumu anaskani, unachomeka nyingine, dakika mbili umeondoka. Hiyo ni asubuhi. Jioni, saa kumi na moja hivi, abiria wakianza kumwagika kutoka Village Market na ofisi za Gigiri, ndipo rafu nzima ya betri inawaka taa nyekundu, hazijajaa, na sisi tumepanga foleni hadi nje ya geti. Ukibahatika unapewa yenye asilimia sitini: "Enda na hiyo kwanza, boss." Kuchaji nyumbani haiwezekani, betri ni mali ya kampuni iliyoniuzia. Kampuni hii (siitaji, mkopo wangu bado uko kwao, na ukichelewa kulipa wanaizima pikipiki wakiwa ofisini) inaleta pikipiki mpya haraka kuliko inavyoleta betri.

Abiria wa UN hupenda kuniuliza kama kweli inasaidia mazingira, au moshi umehamishiwa tu kwenye mtambo wa umeme. Kenya swali hilo si gumu: takriban asilimia 90 ya umeme wetu ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua kidogo. Leso ninayofungia pua bado naivua nyeusi nikishatoka Limuru Road, lakini huo ni moshi wa matatu za dizeli, wangu haumo.

Jambo jingine: haina sauti. Pale sokoni Ruaka watu wanavuka macho yakiwa kwenye simu, hawakusikii, kwa hiyo zoea kupiga honi mapema.

Nyota nne kwa pikipiki, mbili kwa kituo. Kama unataka kuchukua, usiende shoo rumu kwanza. Nenda kituo kilicho karibu na steji yako saa kumi na mbili jioni, siku ya Ijumaa hasa, uwaulize waliopanga foleni wamefika saa ngapi.