Biskuti za Mbwa Zinazookwa Nyumbani Soweto, Mbeya: Tathmini ya Mnunuzi

Mfugaji wa mbwa jijini Mbeya anayetaka kumpa mnyama wake kitu zaidi ya ugali wa pumba na mabaki ya mezani hana machaguo mengi. Vifurushi vya kutoka nje vina bei kubwa, na mfupa wa buchani, hasa ule uliokwisha kupikwa, hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kueleza kwa kirefu kuhusu biskuti za mbwa ambazo mama mmoja wa Soweto anaoka nyumbani kwake na kuwauzia wafugaji kwa oda. Mfuko wa nusu kilo ni shilingi 6,000, nazo ziko za aina tatu: za viazi vitamu na usipa, za boga na karanga, na za maini na karoti. Nimewapa zote mbwa wangu wawili, mmoja wa kienyeji anayelinda geti na mwingine chotara mwenye tumbo jepesi la kuharisha.

Zilizonivutia zaidi ni za usipa. Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao hufika katika masoko ya Mbeya kutoka upande wa Kyela wakiwa wamekwisha kukaushwa, na kwa kuwa wengi huanikwa ufukweni huja na mchanga. Mwokaji huwaosha kwa maji kadhaa, huwakausha tena kwenye sufuria, kisha huwatwanga hadi karibu wawe unga. Nilipoivunja biskuti mikononi ilikatika kwa mlio mkavu. Katikati palikuwa pakavu sawasawa na pembeni, na chembe za magamba zilionekana ziking'aa ndani ya rangi ya chungwa ya viazi. Sikuhisi chumvi wala sukari nilipoionja. Chotara wangu, ambaye biskuti za kawaida za dukani humwendesha, alizila bila tatizo lolote, na kinyesi chake kilibaki kigumu kama kawaida.

Za karanga nilizikabili kwa tahadhari, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili ni zito kuliko ladha. Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumukuvu, na joto la oveni haliwezi kuiondoa sumu hiyo. Mwaka 2016 ilipoteza maisha ya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwishoni mwa mwaka 2020 huko Marekani chakula cha mbwa chenye mahindi kiliondolewa madukani baada ya mbwa wengi kufa kwa sababu hiyo hiyo. Ini la mbwa huumizwa haraka sana na sumu hii. Kwa hiyo kabla ya kulipa nilimuuliza mama huyo anazitoa wapi karanga zake. Hakukasirika. Alileta ungo na kunionyesha punje alizozitenga, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, akasema, "Kaka yangu, hizi hata kuku siwapi." Karanga nzuri huzikaanga na kuzisaga mwenyewe bila kuongeza kitu. Siagi ya karanga ya kopo haitumii kabisa, na uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa baadhi ya makopo huwa na zailitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini. Kuchambua kwa macho hakumalizi hatari yote, maana sumukuvu yenyewe haionekani, lakini kunaipunguza sana, na sijaona muuzaji mwingine wa chakula cha mifugo aliyekuwa tayari kunifungulia ghala lake kwa namna hiyo.

Nilifurahi pia kwamba anajua asivyopaswa kutia. Sisi wa nyanda za juu kusini tumezungukwa na mazao mazuri ambayo kwa mbwa ni hatari. Kakao ya Kyela ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchukua muda mrefu kuiondoa na ambayo huusumbua moyo na mishipa ya fahamu. Makadamia humlegeza mbwa miguu ya nyuma na kumtia kutapika na kutetemeka. Parachichi, hata kama nyama yake kidogo haimdhuru mbwa mara nyingi, lina kokwa linaloweza kumkaba au kuziba utumbo. Vitunguu vya aina zote, pamoja na vitunguu saumu, huharibu chembe nyekundu za damu, na zabibu zinaweza kuua figo. Hamira nayo haiweki, kwa kuwa kipande cha donge bichi kikidondoka na kuliwa huendelea kuumuka tumboni.

Kasoro zipo. Biskuti za boga huwa na unyevu katikati, na mfuko nilioununua wakati wa masika ulianza kuota ukungu kabla sijaumaliza. Niliutupa wote, na ndivyo kila mtu anavyopaswa kufanya, bila kukwangua sehemu iliyoharibika na kutoa inayobaki. Mfuko hauandikwi tarehe ya kuokwa, jambo ambalo kalamu na kipande cha karatasi vingelimaliza. Za maini mbwa huzipenda kupita zote, ila zitolewe kwa kiasi kidogo, kwa sababu vitamini A ya maini ikizidi kwa muda mrefu huumiza mifupa. Kwa jumla biskuti za aina yoyote zisizidi asilimia 10 ya chakula cha mbwa kwa siku. Mlo kamili ubaki kuwa mlo.

Jambo la ukarimu ni kwamba hafichi namna ya kuoka. Kwa za viazi, huchanganya vikombe viwili vya unga wa ngano usiokobolewa, kikombe kimoja cha viazi vilivyochemshwa na kupondwa, yai moja na konzi ya usipa waliotwangwa, akaongeza maji kidogo kidogo hadi donge likaze. Husukuma unene wa nusu sentimita, hukata vipande vidogo, na kuoka kwa nyuzi joto 180 kwa muda wa dakika 25 hadi 30. Mwenye oveni ya mkaa atandaze makaa haba chini na mengi kiasi juu. Baada ya hapo moto hupunguzwa sana na biskuti huachwa ndani saa nzima zikauke, na hatua hii ya mwisho ndiyo nadhani anaiharakisha katika zile za boga.

Kwa sasa naagiza za usipa kila mara na za maini mara chache, nikimwomba azikate ndogo kwa sababu vipande vyake vya kawaida ni vikubwa kwa mbwa wa kilo tano au sita. Za boga nitazirudia kiangazi, atakapokuwa ameanza kuandika tarehe.